Kompyuta ya Kulinda Mtandao Inapojizima na Kujiwasha

Kompyuta ndogo inayolinda mtandao wa nyumba yetu hapa Lamu, ambayo hutumia OPNsense, mfumo wa kulinda mtandao uliojengwa juu ya FreeBSD (mfumo endeshi kama Linux au Windows), ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe, hasa jioni, wakati kila mtu nyumbani anatazama video. Nilianza na kumbukumbu za mfumo, yaani maandishi ambamo kompyuta huandika matukio yake (logi). Kiini cha mfumo (kernel) kinapoanguka, kwa kawaida huacha taarifa ndani ya folda ya /var/crash. Humo hamkuwa na kitu, na maandishi ya logi yalikatika ghafla, kisha ikafuata mistari ya kuwaka upya. Dalili hiyo huelekeza kwenye umeme. (Joto kali nalo huweza kuleta hali hiyo, ila vipimo vyake vilikuwa vya kawaida.)

Nilipochomoa plagi ya adapta ya volti 12, niliona ukoko wa kijani kwenye ncha yake, kutu ya shaba inayoletwa na hewa ya chumvi, na mita ikaonyesha volti zikishuka kila mzigo ulipoongezeka. Nimefunga adapta mpya na kusafisha tundu kwa spiriti. Programu ya Memtest86+ ilipima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) usiku kucha bila kukuta hitilafu. Wenzangu mnaoishi karibu na bahari, tafadhali kagueni plagi kabla ya kufuta mfumo mzima.