Skana ya ndani, pale pa sidi

Wenye vibanda vya picha na fotokopi, hasa sisi wa huku Busia ambako meza moja inabeba printa, laminesheni, simu za watu zinazochajiwa na chai juu, fikirieni skana ya ndani. Ni kale kamashine kanakoingia pale pa sidi mbele ya kompyuta, unakalisha picha mdomoni, rola zinaivuta, zinairudisha, basi. Yangu ilitoka kwenye kompyuta kuukuu ya Kampala na kwa picha za studio siibadilishi na kitu.

Ila ni ya picha tu. Nafasi ya sidi ina upana wa kama milimita 146 na karatasi ya A4 ina 210, haiingii ng'o. Picha ya inchi 4 kwa 6 inapita vizuri, na kwa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi) unapata pikseli 1200 kwa 1800, inatosha kabisa kuitoa tena saizi ileile.

Kabla hujashika bisibisi ulizia draiva, ile programu inayoifanya kompyuta iitambue skana, hapo ndo hela za watu zinapotea. Hizi mashine ni za zamani, draiva zake nyingi ni za 32-bit na Windows ya 64-bit haizikubali kabisa, sasa muuzaji akikwambia "itaingia tu boss" mwambie aiwashe uione ikivuta picha kwanza. Mimi nimeiwekea kompyuta yake yenye Windows XP, ile ya zamani, haigusi intaneti.

Kufunga si kazi. Zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kesi, toa kile kifuniko cha plastiki, isukume kutoka mbele mpaka ilingane na uso wa kesi, halafu skrubu zile nyembamba za sidi, zile za diski ngumu ni nene zitakula nyuzi za tundu. Pawa ni ile plagi nyeupe ya waya nne, njano volti 12, nyekundu 5, nyeusi mbili, na kona zake mbili zimekatwa kwa hiyo ikigoma igeuze, usilazimishe. Yangu ni ya USB, inaingia kwenye pini 9 za madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), pale pasipo na pini ndo pa kuangalia upande.

Sasa vumbi. Jamani vumbi! Ndani kuna jicho la mstari mmoja tu, halisogei, picha ndo inapita juu yake, kwa hiyo punje moja ya hili vumbi letu jekundu ikikaa pale kwenye kioo haiachi doa, inachora mstari kutoka mwanzo wa picha hadi mwisho, na kila picha inayofuata mahali palepale. Juzi mama mmoja kaleta picha ya marehemu mumewe na yunifomu ya jeshi, kona imeliwa na mchwa, mstari ukapita katikati ya jicho la mzee. Nikamwambia mama subiri kidogo nisafishe, akasema "sawa mwanangu, lakini usiikunje." Kitambaa cha miwani, spiriti kidogo, kioo kikang'aa, tukarudia, jicho likatoka safi, akaishika ile mpya akawa anaifuta na kanga ingawa haina kitu.

Na ya kwake niliipitisha ndani ya karatasi ya plastiki angavu, maana rola hazina huruma na picha iliyochanika. Zile zilizogandana na kioo cha fremu msiingize kabisa, hizo ni za skana kubwa ya mfuniko.