Nguruwe, mikono na orodha ya mitaa

Muulize Mdenmark kazini Udenmark ni nini, atababaika. Atataja baiskeli, mishumaa, labda bendera kwenye keki ya siku ya kuzaliwa. Muulize nani si Mdenmark, jibu liko mdomoni. Kwa ninavyoona nikiwa hapa Aarhus, Denmark, jibu hilo la pili ndilo linalolijaza la kwanza.

Chukua frikadeller, yale madonge ya nyama ya kukaanga, mara nyingi ya nguruwe. Ni mboga ya kila siku tu. Ilipovuma kwamba chekechea fulani zimeacha nguruwe kwa ajili ya watoto Waislamu, ghafla likawa suala la taifa. Januari 2016 madiwani wa Randers, mji jirani, wakaamua kwa tofauti ndogo ya kura kwamba taasisi za manispaa zitoe vyakula vya Kidenmark, nguruwe akiwemo. Mwenzangu wa zamu, asiyekula nyama ya aina yoyote, aliutetea uamuzi ule kwa jazba. Nikamtania, akacheka: "Si hoja hiyo."

Mikono nayo vivyo hivyo. Tangu 2019 hupati uraia bila kumpa mkono kiongozi wa manispaa kwenye sherehe, tena bila glavu. Kila mtu alijua analengwa nani: Mwislamu asiyempa mkono mtu wa jinsia nyingine. Korona ilipoingia 2020, sherehe zikasimamishwa kwa sababu mikono imekatazwa. Wadenmark waliacha kupeana mikono wakabaki Wadenmark.

(Nasema haya nikiwa mtu wa Kwale. Wamakonde walioletwa kwenye mashamba ya mkonge enzi za ukoloni walizaa na kujukuu kwetu, na ilibidi watembee hadi Nairobi 2016 ndipo vitambulisho vianze kutoka. Tuliwaita wageni bila haya.)

Kinachoniuma zaidi ni takwimu. Wahamiaji na watoto wao wamegawanywa: wa Magharibi na wasio wa Magharibi. Mwaustralia yuko kule, Mjapani yuko huku nami. Binti yangu, mzaliwa wa hapa, naye yumo. Kwa sheria ya 2018, mtaa wenye angalau mawili kati ya ukosefu wa kazi, uhalifu, elimu ndogo na kipato kidogo uliitwa geto ikiwa zaidi ya nusu ya wakazi ni watu wa fungu letu. Ukidumu kwenye orodha miaka kadhaa, nyumba za familia za kodi nafuu lazima zipunguzwe hadi asilimia 40 ya nyumba zote za mtaa. Gellerup, mtaa wa hapa Aarhus, maghorofa yamevunjwa. Mwaka 2021 neno geto liliondolewa sheriani, kipimo cha nusu kikabaki. Mtaa ukishuka chini ya nusu hutoka kwenye orodha hiyo, hata kama hakuna aliyepata kazi.