Mama na maghala ya chumvi

Mama alipokuja Hamburg, Ujerumani, kunitembelea, maduka yalimchosha upesi. "Nipeleke mahali penye mambo ya kale, mwanangu," akasema. "Haya maghorofa ya vioo hata Dar yapo." Tukapanda treni kwenda mji wa Lübeck, safari isiyofika saa nzima.

Ukitoka stesheni, linalokupokea ni Holstentor, lango la matofali mekundu lililojengwa kati ya 1464 na 1478. Chini yake ni kinamasi, kwa hiyo minara yake miwili minene imetitia na kuinamiana. Mama alilitazama, akalala upande kulifuata, kisha akauliza, "Fundi wake alilipwa yote huyu?"

Watalii wengi hupiga picha pale wakaenda zao. Sisi tulikwama pembeni, ukingoni mwa mto Trave, kwenye maghala ya chumvi. Nikamweleza kwamba chumvi ilitoka mji wa Lüneburg, ikaletwa na mashua kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1398, halafu ikapakiwa melini kwenda Skandinavia kukolezea samaki waitwao heringi. Siku za mfungo Wakristo hawakula nyama, kwa hiyo mapipa ya samaki hao yaliuzwa Ulaya nzima. Maghala yaliyosimama sasa ni ya karne ya 16 hadi ya 18, ila biashara yenyewe ni kongwe kuyapita.

Mama ni mtu wa Tanga. Bibi alimlea kwa kuuza papa mkavu.

"Kumbe ng'onda!" akasema kwa sauti, hata watu wakageuka. "Mji wote huu, na makanisa yote yale, ni ng'onda?"

"Karibu yote, Mama."

Basi maswali yakaanza. Walimpasua samaki mgongoni au tumboni? Walimwanika? Nikasema hapana, walimpanga kwenye pipa na chumvi yake. "Ndiyo maana," akasema. "Jua lenyewe wangelitoa wapi?"

Kutoka hapo hakutembea tena kama mgeni. Nje ya kanisa la Marienkirche kuna shetani wa shaba ameketi juu ya jiwe. Hadithi yao inasema alisaidia ujenzi akidhani panajengwa kilabu cha mvinyo, na wakamtuliza kwa kumwahidi kujenga kilabu jirani. Watoto walikuwa wakimpanda mabegani. Mama alipita upande wa pili.

Ndani, dari liko juu karibu mita 40, lakini mwenyewe hakuangalia juu sana. Chini ya mnara wa kusini kuna kengele mbili zilizoanguka usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi mwaka 1942, ndege za Waingereza zilipoupiga mji mabomu. Zimepasukapasuka, zimezama sakafuni, nazo zimeachwa palepale zilipoangukia. Mama alishika nondo za uzio akachungulia.

"Na hawa nao walikuwa wamewapiga Waingereza?"

"Walikuwa wamewapiga, Mama. Mji wao wa Coventry, mwaka 1940."

Akatikisa kichwa, akataka kujua kengele mpya ziko wapi na zinapigwa saa ngapi.

Mchana tulionja marzipan, lozi zilizosagwa na sukari, ambazo mji huu unajivunia kuliko lango lake. Mama aliona sukari imezidi. Mimi nilikula na chake.

Mwisho tukaingia kwenye vichochoro wanavyoviita Gänge. Zamani watu walipozidi, nyumba ndogondogo zilijengwa uani nyuma ya nyumba kubwa, na njia ya kuzifikia inapita chini ya nyumba ya mbele. Nyingine ni fupi mno mpaka uiname. Wenyeji husema sharti lilikuwa moja tu, jeneza lipite. Nikainama, nikatangulia. Mama akasita mlangoni.

"Unaingia uani kwa watu bila hodi?"

Nikamwambia njia ni ya wote. Hakusikia. "Hodi! Hodi wenyewe!" Bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua dirishani akainua kopo lake, akajibu kwa salamu ya huko, "Moin!"

"Umeona?" Mama akaniambia. "Wamekaribisha." Ndipo akainama, akaingia.