Mradi wa asili ya Wamagyar (Wahungaria), hatua ya tatu: jina la Mugel

Kwanza tahajia. Katika mradi huu wote ni Wahunni, watu wa kale wa nyikani, kwa n mbili. Kwa n moja msomaji atadhani tunazungumzia wahuni wa mtaani.

Hatua hii ni ya jina moja tu, la mtawala wa Wahunni walioishi karibu na mji wa Bosporos, Krimea. Tunapima dai kwamba jina hilo ndilo jina la Magyar. Malalas, mwandishi wa historia wa karne ya 6 aliyeandika kwa Kigiriki, anamwita Mugel. Theophanes, mwandishi mwingine wa Kigiriki wa mwanzoni mwa karne ya 9, anamwita Muageris. Kisa ni kilekile. Nduguye, Grod, alibatizwa Konstantinopoli, akasimamiwa na Kaisari Justiniani mwenyewe. Aliporudi kwao aliyeyusha sanamu za miungu, akabadilisha madini yake kwa sarafu. Makuhani wakamuua, wakamtawaza Mugel, kisha wakaivamia Bosporos na kuua kikosi cha Warumi.

Mtego uko kwenye tarehe. Theophanes anaweka kisa hiki mwaka 6020 tangu kuumbwa ulimwengu, kwa hesabu ya Aleksandria. Ukitoa 5508, ambayo ni ya hesabu ya Konstantinopoli, unapata 512, na Justiniani alianza kutawala 527. Toa 5492: unapata 528, yaani mwaka ulioanza Septemba 527.

Je, Muageris ndiyo Magyar? Kadi ya maelezo ya jina hili ilifutwa mwanzoni kwa sababu Kigiriki kinatumia herufi gama (γ), ambayo mbele ya e ilitamkwa kama y, ilhali gy ya Kihungaria iko karibu na j ya "jambo". Kosa hilo limesahihishwa. Gama si kizuizi: Konstantino wa 7, Kaisari wa Konstantinopoli, karibu mwaka 950, aliandika kabila la Megyer (yaani Magyar) kwa gama hiyohiyo.

Kinacholiangusha dai ni herufi l. Shahidi wa zamani zaidi ana Mugel, hana r. Tena kati ya Mugel na Megyer wa Konstantino kuna zaidi ya miaka 400 bila kiungo chochote, na Kihungaria chenyewe ni ndugu wa Kikhanty na Kimansi, lugha za upande wa Urali. Kwa hiyo mstari wa Mugel umeondolewa kwenye mchoro wa asili ya Wamagyar.

Kinachofuata ni makabila 7 ya Wamagyar aliyoyataja Konstantino: Nyék, Megyer, Kürtgyarmat, Tarján, Jenő, Kér na Keszi. Orodha yake ina majina 8, kwa kuwa inaanza na Wakabari, kundi lililojitenga na Wakhazari, taifa jingine la nyikani. Hao wana kadi yao. Kila jina litatafutwa kwenye majina ya vijiji na mitaa ya Hungaria, kuanzia Békásmegyer, kaskazini mwa Budapest.