Kuhesabu samaki wa Ikombe

Watu wa nyumbani walinicheka: mtu wa Tukuyu na mtungi wa hewa wapi na wapi! Kuzamia nilijifunzia Mafia, ila kazi niliyoipenda kuliko zote niliipata huku kwetu, Ziwa Nyasa, nilipochukuliwa kusaidia kuhesabu samaki wa miambani. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na nyingi kati ya hizo hazipatikani kwingine.

Tulitoka Matema kwa boti, tukaambaa na milima ya Livingstone hadi Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi wa vyungu. Pale mlima unatumbukia ziwani moja kwa moja. Vyuma vya kiunoni, vinavyomsaidia mzamiaji kuzama, nilipunguza, maana maji baridi hayamwinui mtu kama ya chumvi.

Mmoja wetu alitandaza futi kamba juu ya mawe. Mimi nilifuata nyuma na ubao wa plastiki na penseli, nikiandika kila samaki aliyekuwa ndani ya mita moja kulia na kushoto. Mbuna, ndio hao samaki wa miambani, hawatulii! Kila dume ana jiwe lake na hamtaki jirani. Nilimkazia macho mmoja mwenye pua iliyoufunika mdomo, akikwangua ukoga akiwa amelala sambamba na jiwe. Jina lake la kitaalamu ni Labeotropheus fuelleborni; alipewa mwaka 1926, kwa heshima ya daktari Mjerumani, Fülleborn, aliyekusanya samaki pande hizi hizi enzi za ukoloni. Jike lililokuwa karibu naye lilikuwa la rangi ya chungwa, limemwagiwa madoa meusi, ungedhani ni samaki wa ukoo mwingine kabisa.

Pembeni, mchangani, mwingine alijilaza ubavu na mabaka yake kama mzoga. Vidagaa vikasogea kuchungulia. Akavirukia.

Tuliporudi Matema, dereva alikuwa keshawasha gari, anataka kulala kwake Mbeya. Kiongozi wetu akamwambia hatuondoki hadi kesho jioni. Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata majedwali ya kuzamia ya baharini, yanayoonyesha muda salama wa kukaa chini, hatukuyatumia vivyo hivyo. Barabara ya Tukuyu nayo, ukifika Isongole, inapita mita 2,000. Ukipanda huko mapema, hewa inapungua mgandamizo, na naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inatoka kwa mapovu, kwenye viungo, hata kwenye uti wa mgongo. Watu wa pwani hukatazwa ndege. Sisi ndege yetu ni mlima.

Dereva alitutazama mmoja mmoja, wazima, tunakula mbasa wa kuchoma. Kisha akampigia mkewe: “Mama Neema, leo sirudi. Hawa wataalamu wanasema wana mapovu kwenye damu.” Akasikiliza. “Hapana, hawajanywa. Mimi mwenyewe nimewanusa.”