Siku Kambi Ilipopaa

Juzi kijana wa field alisimama nyuma ya kiti changu pale ofisini, akatazama mikono yangu, kisha akauliza, "Samahani mzee, wewe ulisomea uhazili?" Nilikuwa nataipu dokezo huku uso nimemgeuzia mhasibu, tunabishana habari za Simba na Yanga. Nikamwambia hapana, nilijifunza vitani. Akacheka kile kicheko cha adabu, cha kumchekea mkubwa ambaye hujamwelewa.

Sikuwa namtania.

Mwaka 2006 mnaukumbuka kwa mgao. Mvua ziligoma, maji ya Mtera yakashuka, na kwa kuwa umeme wetu mwingi ulitoka kwenye mabwawa, ukaanza kuja kwa ratiba, tena ratiba yenyewe ya kubahatisha. Mimi nimemaliza fomu sita, nasubiri chuo, na nyumbani hakuna aliyetaka kuniona nimejilaza mchana. Nikahamia steshenari ya Bosi, Magomeni. Mlangoni fotokopi, dirishani kompyuta ya kuchapia, na nyuma kabisa, kwenye joto, kompyuta nne za intaneti iliyofunguka kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana tukawa tunacheza gemu.

Gemu lenyewe StarCraft. Lilitoka 1998, kwa hiyo hata zile mashine kuukuu zililimudu, na CD moja iliyokwaruzika ilitosha kutuchezesha, kwa sababu Blizzard waliolitengeneza waliruhusu mashine zisizo na CD zijiunge na yenye nayo. Huko angani kuna mataifa matatu: Terran, ambao ni binadamu wa ukoo wa wafungwa waliotupwa mbali na Dunia, Protoss, wenye elimu na majivuno, na Zerg, ambao sisi tuliwaita wadudu tukaishia hapo. Hakuna cha kupeana zamu. Kila mtu anaanza na vibarua wanne na madini 50, na saa inakwenda kwa wote. Wewe unachimba, unajenga, unatengeneza askari, na mwenzako anafanya hayohayo kwenye giza la ramani, humwoni.

Bingwa wetu alikuwa Komandoo. Alicheza wadudu, na alikuwa na mbinu moja tu: anaharakisha kutoa wadudu sita wadogo, jozi madini 50, anawatuma kwako wakati hata askari mmoja huna. Wanakutafunia vibarua, kwisha habari. Tulimlaani, tulimwita mwoga, halafu tunalipa 500 nyingine ya saa zima ili atutafunie tena.

Sasa huyu dada wa kuchapa. Alikaa dirishani, mgongo kwetu, mtu wa Tabora aliyesomea uhazili hukohuko. Barua za kazi, katiba za vikundi vya kufa na kuzikana, kadi za harusi, risala ya mgeni rasmi, vyote vilipita mikononi mwake. Mwandiko wa mteja unalazwa kushoto, macho yanabaki hapo, na vidole vinafanya kazi yao bila kusimamiwa. Sisi tulimwona kama sehemu ya fanicha. Mmoja wetu alimpelekea hadi karatasi ya vitufe vya gemu, kila herufi na kazi yake, aichape vizuri tuibandike ukutani. Akaichapa, akachukua 300 yake. Tukaibandika. Hakuna aliyeisoma, sisi wote tulikuwa watu wa mausi.

Lakini anayechapa kitu amekisoma. Hilo hatukuliwaza.

Jumamosi moja ratiba ilisema umeme unakatika saa kumi na mbili jioni. Dada alikuwa na kazi ndefu ya mwanafunzi wa chuo, majedwali matupu, na jenereta ya Bosi ilikuwa imeungua. Sisi huko nyuma kelele mtindo mmoja. Akageuza kiti. Nilikuwa sijawahi kumwona akigeuza kiti.

"Nyie wadogo zangu, mtanyamaza lini?"

Komandoo, ambaye alishiba sifa, akajibu, "Dada, akitokea wa kunifunga tutanyamaza."

"Mpaka saa kumi na mbili?"

"Hata mpaka kesho."

Akaokoa kazi yake, akazima skrini ili mtu asichungulie mambo ya mteja, akaja. Nikampisha. Akachagua binadamu. Alifuta kibodi kwa upindo wa kanga yake, akaivuta katikati ya kifua, akaisogeza mausi pembeni kama mtu anayempa mgeni kiti cha mbali.

Mwanzo haukuwa na la ajabu, ila sauti. Sisi tukicheza kulisikika mibonyezo ya mausi, tak, kimya, tak. Yeye ilikuwa ni mvua. S, kibarua. S, kibarua mwingine. Mausi anaigusa kuonyesha mahali tu, mkono unarudi. Ramani ile ilituweka juu ya kilima chenye njia moja ya mteremko, na yeye akampeleka kibarua palepale kwenye mdomo wa njia. B na B: kambi. B na S: ghala, limegusana na kambi. Nikamwambia, "Dada, unajenga mlangoni, nyumba ziko huku ndani." Hakunijibu. Nadhani hakunisikia.

Wadudu sita wakaja kwa wakati wao. Komandoo ameshaanza kusimama kitini, ndivyo alivyozoea kushangilia. Wakapanda mteremko mbio, wakafika juu, wakakwama. Kambi na ghala vimeziba njia kabisa. Wakaanza kuparura ukuta. Nyuma ya ukuta kibarua mmoja anakarabati kila wanapobomoa, maana vibarua wa Terran ni mafundi, na askari wa kwanza akatoka upande wa ndani akaanza kuwapiga risasi kwa juu ya paa la ghala. Akatoka wa pili. Mdudu wa mwisho alikufa anaparura.

Kwetu kulikuwa kimya tayari, na saa kumi na mbili bado mbali.

Komandoo akatuma wengine, na wengine. Dada alikuwa ameshapata gesi na chuo cha askari, na ndani ya ukuta jeshi linajaa mpaka wanakanyagana. Nikawaza: sasa amejifungia mwenyewe, watatokaje? Ndipo akabonyeza L.

Kambi ikapaa. Jengo zima, na taa zake, likawasha moto chini, likanyanyuka taratibu, kivuli chake kikibaki kwenye udongo wa sayari ile. Ni jambo lililokuwemo kwenye gemu siku zote. Majengo mengi ya Terran yanaruka, na kwenye karatasi yetu ya ukutani liliandikwa kwa herufi kubwa. Lakini sikuwahi kuona mtu akilitumia kama geti. Njia ikawa wazi, askari wakamiminika chini ya jengo linaloelea, na wa mwisho alipopita akabonyeza L tena, geti likajifunga. Yule mkaka wa fotokopi, ambaye gemu halijui kabisa, akasema polepole, "Loh."

Kilichofuata nakieleza kwa kifupi, kwa sababu kilikuwa kifupi. Ana kitufe cha T, cha kuwadunga askari dawa: kila mmoja anapoteza uhai 10 katika 40 alionao, na kwa muda mfupi anakimbia na kupiga kwa kasi ya kichaa. Sisi tuliiogopa dawa ile, tuliona ni kujichinja. Yeye aliidunga, akapiga, akasubiri, akarudisha nyuma waliojeruhiwa, akadunga tena. Kiota cha Komandoo kikapasuka, damu zikatapakaa skrini nzima.

Dada akasimama. "Haya. Nina majedwali ya watu."

Akarudi dirishani.

Tulinyamaza? Dakika kumi, labda. Halafu ukaanza ubishi wa kunong'ona ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, na Bosi akatutoa nje wote. Kazi ya mwanafunzi ilikamilika kabla ya giza, hilo najua, kwa sababu nilimwona akiifuata.

Kesho yake Komandoo akaomba marudiano. Akaomba wiki nzima, akaahidi soda, akaahidi chipsi mayai. Dada alimwambia hana muda wa kuua wadudu wa bure. Hakucheza tena, nami sikuwahi kumuuliza kama alifurahi hata kidogo. Ningependa kujua. Usoni hakikuonekana kitu, lakini mtu wa kawaida hapaishi kambi kwa hasira tu.

Nilichofanya mimi ni kumwomba anifundishe vidole kumi, nikidai ni kwa ajili ya chuo. Akanikalisha na kitambaa juu ya mikono, nisione. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Korea Kusini gemu hilihili lilikuwa likionyeshwa kwenye televisheni kama mpira, na kwamba Lim Yo-hwan, wanayemwita BoxeR, alipata mashabiki lukuki kwa namna alivyowaendesha askari haohao wa Terran. Alipokwenda kulitumikia jeshi mwaka huohuo 2006, aliishia kuichezea timu ya gemu ya jeshi la anga la kwao. Mabingwa wa kule hubonyeza zaidi ya mara 300 kwa dakika, na watu husema ni kipaji cha ajabu. Mhazili wa maneno 60 kwa dakika, ukihesabu herufi tano kwa neno kama wanavyohesabu wao, anabonyeza mara 300 hizohizo kila dakika, kutwa nzima, analipwa kwa ukurasa, na hakuna anayempigia makofi. Sijui nifanye nini na hesabu hiyo. Naibeba tu.

Komandoo tunakutana misibani na kwenye harusi. Ni fundi wa simu sasa, ana duka lake, mtu mzima na kitambi. Na bado anasema siku ile mausi yake ilikuwa inanata. Zile mausi za kigololo mnazijua, uchafu ukijikusanya ndani mshale unaruka. Kila asubuhi tulizifungua tukakwangua kwa kucha. Watu humzomea. Mimi huwa nakaa kimya, kwa sababu mashine ile niliichezea asubuhi ya siku hiyohiyo, na mausi ilinata kweli. Ila kuhusu mausi ya dada, ambayo nilikuwa nimeiachia hivi punde nilipompisha, hajawahi kuniuliza ilikuwaje.