Viatu vya dada kwenye usaili

Usaili ulikuwa saa mbili asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo dumu la mawese la mama likanivujia kwenye viatu. Nilikuwa kwenye bodaboda natoka Ujiji kwenda Mwanga, nimelibana kati ya miguu, mfuniko haujakaza. Watu wa Kigoma mnayajua mawese: shati unalifua mpaka linachanika, rangi ipo palepale. Nilivisugua kwa sabuni ya unga, vikazidi kunuka kama sufuria ya maharage. Na ndivyo viatu pekee nilivyokuwa navyo, ukiacha ndala.

Dada yangu ni mwalimu, ana mguu mkubwa na hafichi. Anavaa 41, mimi 42. Akanitolea vyake vyeusi vya kazini, vyenye kisigino kifupi na kipepeo cha chuma mbele. Kipepeo tukakitoa kwa wembe, vitundu vilivyobaki akaviziba kwa kiwi.

Namba moja ya kiatu ni milimita zisizofika 7. Ukisikia hivyo unaona si kitu. Shida haikuwa urefu. Kiatu cha kike ni chembamba palepale mguu unapotanuka, na kidole changu kidogo kililia njia nzima. Halafu juu kimekatwa chini mno, soksi yote iko nje.

"Vaa soksi nyeusi," dada akasema, "na ukikaa, miguu ingiza chini ya kiti."

Kwenye vigae vya ile ofisi vikaanza: ko, ko, ko. Mlinzi akatazama chini, akanitazama usoni. "Pita, kaka." Hilo "kaka" alilikazia.

Wasaili walikuwa watatu, nyuma ya meza iliyo wazi mbele. Miguu nikaiingiza chini ya kiti kama nilivyoagizwa, nimekaa kama mtu anayetaka kuruka. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mtunza stoo. Wakaniuliza tofauti ya bin kadi na leja. Naijua hata usingizini: bin kadi inakaa na mzigo, inaonyesha idadi tu, leja ina idadi na thamani. Nikajibu kinyume. Mama mmoja akainama kuokota kalamu, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji. Alipoinuka hakuniuliza tena chochote.

Baadaye nilisoma kwamba visigino virefu walianza kuvivaa wanaume, wapanda farasi wa Uajemi, ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia ukiwa juu ya farasi. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa vyake vilikuwa vyekundu. Sawa, lakini yeye hakuwa akitafuta kazi ya stoo.

Kazi sikupata, na kosa nalijua ni lile la leja. Jioni dada alivijaribu viatu vyake, vikawa vinamvuka kila hatua.

"Umenifanyia mitumbwi," akasema, akanirushia.

Mpaka leo ananidai.